Ubao wa Macho wa Muheto

Siku mliponiaga pale kituoni, mmoja wenu aliniuliza ni chombo gani kilichonifaa zaidi katika kazi ya macho. Nilijibu haraka kwamba ni tochi ya kupimia, na watu wakapiga makofi kwa sababu chakula kilikuwa kinapoa. Jibu lilikuwa la kweli, ila lilikuwa fupi mno. Sasa Mungu amenipa asubuhi zisizo na foleni mlangoni, kwa hiyo nitalirefusha. Nawaandikia ninyi mnaobaki na sanduku la lenzi, ambao kila wiki mnaulizwa habari za lazeri. Nami niliulizwa, milimani Masisi na msituni Walikale, miaka ya vita. Wengi waliniuliza kwa udadisi tu. Mmoja aliniuliza akiwa ameshaamua, na kwa ajili yake naandika kurasa hizi.

Nilianza nikiwa muuguzi kijana niliyejua kuchoma sindano na kusafisha vidonda. Masere Leokadia, mtawa aliyeanzisha huduma ya macho parokiani kwetu, aliniomba kwa mganga mkuu kama mtu anavyoomba sufuria kwa jirani. Alikuwa mrefu, mgongo umeanza kuinama, na maneno aliyatoa machache kana kwamba yanauzwa. Siku ya kwanza alinipa kitambaa laini na kuniamuru nifute lenzi zote za sanduku, moja moja, nikizishika pembeni. Nilipoishika moja katikati, alinitazama.

“Faida, uko unapima macho ya muntu, ao uko unapima kidole yako?”

Hilo ndilo lilikuwa somo langu la kwanza, na siku hiyo halikufuatwa na lingine.

Kabla ya kufungua sanduku alifanya ishara ya msalaba. Baada ya hapo hakumtaja Mungu tena mpaka sanduku lifungwe. Niliwahi kumuuliza kwa nini, mimi niliyezoea kusali kwa sauti katikati ya kila kazi. “Mungu anajua tuko ku kazi,” alisema. Nimefuata desturi hiyo maisha yangu yote, na sijaona kwamba Mungu amelalamika.

Vyombo vyetu mnavijua, ingawa vya kwenu ni vipya. Kulikuwa na sanduku la lenzi, fremu ya chuma ya kujaribia iliyomfanya kila mgonjwa afanane na fundi saa, na kamba yenye fundo la kuonyesha mgonjwa akae umbali gani. Kulikuwa na ubao wa herufi E zilizoelekezwa pande nne, kwa wasiojua kusoma: mtu anaonyesha kwa mkono miguu ya herufi imeelekea wapi, juu, chini, kuume au kushoto. Na kulikuwa na tochi. Unamulika ndani ya jicho, unatazama jinsi mwanga unavyotembea katika mboni, unabadilisha lenzi mpaka mwanga utulie. Mgonjwa hasemi neno. Mwanzoni niliupenda ubao kuliko tochi, kwa sababu ubao ulinipa nafasi ya kuzungumza na watu.

Safari yangu ya kwanza na Masere ilikuwa Muheto. Tulipanda kwa miguu asubuhi ya ukungu, sanduku likiwa mgongoni mwangu kama mtoto. Katekista wa pale alikuwa Papa Bauma, mkulima wa maharagi, Mhunde wa familia iliyolima mlima ule tangu babu zake. Alitupokea kwa nyimbo. Watu walikuwa wamejaa uwanjani na ubao tukautundika kwenye ukuta wa nje wa kikanisa.

Asubuhi hiyo macho ya Muheto yalikuwa mazuri ajabu. Mama mmoja mzee aliyeletwa akishikwa mkono, aliyekosea kiti akataka kukalia ndoo, alisoma mpaka mstari wa mwisho bila kusita. Aliyemfuata, vivyo hivyo. Nilikuwa nimeanza kumshukuru Mungu kwa hewa ya mlimani. Masere hakushukuru. Aliweka tochi mezani, akazunguka nyuma ya kikanisa, nami nikamfuata.

Papa Bauma alikuwa amesimama mbele ya foleni, mikono nyuma, kama siku za mafundisho ya ubatizo.

“Mustari ya pili. Ya kwanza?”

“Kuume!” foleni ikajibu.

“Ya pili?”

“Juu!”

“Ya tatu? Mama Sifa, usifungue kinywa bure.”

“Chini!”

Masere akamgusa bega. “Papa Bauma, uko nafanya nini?”

“Niko nabasaidia, Masere. Batu bengi bangeanguka. Habakujifunza.”

“Lakini hii haiko mutihani.”

Papa Bauma alifikiri kwa unyofu kabisa. “Munauliza, banajibu, na munaandika. Sasa haiko mutihani namna gani?”

Kijana mmoja kwenye foleni akasema kwamba basi yeye arudishwe shambani kwa sababu amekwisha kujua yote. Watu wakacheka. Masere alirudi mbele, akauondoa ubao msumarini, akaugeuza juu chini, akautundika tena. Tangu hapo wote wakakosea, hata wenye macho ya tai, kwa sababu hawakuwa wanatazama. Walikuwa wanajibu kwa kichwa. Ndipo nilipomwona Masere akiketi chini kwenye nyasi na kucheka mpaka akafuta machozi kwa kilemba chake. Katika miaka tuliyofanya kazi pamoja sikumwona tena akiketi wakati wa kazi.

Aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote katika foleni ile alikuwa binti wa katekista, Riziki, msichana mdogo mwenye paji la uso lililokunjamana. Masere alimpima kwa tochi. Hakuona mbali hata kidogo. Nyumbani walikuwa wameshajaribu kumsaidia. Kikanisa kilikuwa na miwani moja, imefungwa kwa uzi kwenye meza ya masomo, na wazee wote waliosoma Neno waliivaa kwa zamu. Walimvisha Riziki, akaona vibaya kuliko mwanzo, wakakata shauri kwamba ana macho yanayokataa miwani. Kosa hilo mtalikuta mpaka leo. Miwani ya wazee ni ya kuvuta karibu, na mtoto yule alihitaji kusogezewa mbali. Ni sawa na kumpa mwenye kiu chumvi.

Miwani yake ilipofika, alivaa Jumapili. Baada ya misa akamwambia baba yake mbele ya watu: “Papa, kumbe na weye unasinziaka padiri akihubiri!” Papa Bauma alisema afadhali wangemwacha alivyokuwa. Alisema hivyo akicheka.

Masere alipofariki, nilikuwa nimeshika mkono wake, na sanduku likabaki kwangu. Vita vilikuwa vimekwisha kuwa jambo la kawaida. Sitaeleza nani alipigana na nani. Ninyi mmeishi humo, na wasioishi humo hawataelewa kwa maelezo yangu. Niseme tu kwamba kazi ya macho haikusimama, kwa sababu macho hayangojei amani. Nilitumwa Walikale, nikakaa Mubi, mji wa barabara katikati ya msitu, wenye matope, pikipiki, malori na maduka yanayolisha wachimbaji. Wagonjwa wa Mubi hawakuwa na subira ya watu wa milimani. Walitaka kuona leo na kuondoka leo.

Huko ndiko niliposikia neno lazeri kwa mara ya kwanza kutoka kwa mgonjwa. Papa Paluku alikuwa mfanyabiashara kutoka upande wa Butembo, Mkatoliki wa misa ya kila siku, mwenye duka na lori. Alikuwa amefika umri ambao mtu husoma barua kwa kuisukuma mbali.

“Mama Faida,” alisema, “mikono yangu imekuwa mifupi.”

“Mikono iko sawa, Papa. Macho njo imechoka. Ni umri.”

“Umri ya nani?” Akatoa mfukoni karatasi ya tangazo aliyoipata Kampala alikokwenda kununua bidhaa. Ilikuwa na picha ya mtu anayetupa miwani hewani. “Hapa bameandika: dakika chache, na lunete kwaheri. Mimi mutumishi wa Mungu, niende ao nisiende?”

Nilimweleza ninachowaomba nanyi muwaeleze watu wa umri wake. Lazeri inachonga kioo cha mbele cha jicho, kile tunachokiita konea, ili mwanga uangukie mahali pake. Inamfaa zaidi asiyeona mbali, au ambaye jicho lake halikuumbika mviringo. Papa Paluku aliona mbali vizuri; angeweza kukuambia lori linalokuja ni la nani kabla hujasikia honi. Kilichochoka kwake ni lenzi ya ndani, iliyopoteza ulaini wa ujana, na hiyo lazeri haiirudishii ujana. Wako madaktari wanaorekebisha jicho moja litazame karibu na lingine litazame mbali, na wako watu wanaolizoea hilo.

“Jicho moja likae Mubi, lingine likae Butembo,” alisema.

“Karibu hivyo.”

“Na nikitazama katikati?”

“Utavaa lunete.”

Alicheka, akanyoosha mkono kwenye rafu ya duka lake mwenyewe, akachukua miwani ya kusomea aliyokuwa akiwauzia wengine, akaivaa. Ikamfaa. Alihuzunika kidogo kwamba dawa ilikuwa imekaa mgongoni mwake kati ya sabuni na betri. Karatasi za tangazo, maana alikuwa amerudi na bunda zima, alizitumia kufungia chumvi.

Kuhusu lenzi ndogo zinazowekwa juu ya jicho lenyewe, siku hizo nilikuwa nawakatisha watu tamaa, na sijabadilika sana. Zinahitaji dawa yake ya kuoshea, kiboksi chake na mikono safi. Dereva mmoja wa pikipiki pale Mubi alizipata mjini, akawa anazihifadhi katika kizibo cha soda chenye maji ya mto. Jicho lilipona. Lenzi hazikupona. Mahali penye bomba la maji na usingizi wa kawaida, ni chombo kizuri.

Baada ya miaka hiyo ya msituni nilirudishwa Masisi, na hapo Riziki akanijia. Hakuwa tena msichana wa foleni. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale Muheto, na nilijua macho yake yamedhoofika zaidi, kwani alikuwa ameniagizia miwani mpya mara kadhaa kupitia watu. Alikuja bila miwani, ameshikwa mkono na baba yake. Papa Bauma alikuwa amezeeka, ila bado aliingia chumbani kana kwamba anakuja kufundisha.

Riziki alikaa, akaweka juu ya magoti karatasi niliyoitambua mara moja, yule mtu anayetupa miwani hewani. Lori la Papa Paluku lilikuwa likipanda Masisi kuchukua maharagi, na chumvi yake ilikuwa imefika Muheto.

“Mama Faida, nataka lazeri,” alisema. “Papa amesha uzisha ngombe. Safari iko tayari. Kule Kampala banauliza tu kama macho yangu imetulia, kama numero haibadilike tena. Unipime, useme imetulia.”

“Imetulia?”

“Imetulia.”

Kisha akanieleza kwa nini. Wiki chache kabla, milio ya risasi ilikuwa imesikika karibu na shule asubuhi ya masomo. Aliwatoa watoto kwa mstari, wakubwa wakiwashika wadogo, yeye mbele. Kwenye kijito aliteleza na miwani ikachukuliwa na maji. Akaendelea kuongoza kwa sababu hakukuwa na mtu mzima mwingine aliyeweza kwenda nao.

“Ku mulima ya kwanza niliona batu wamesimama,” alisema. “Nikarudisha batoto. Ilikuwa migomba. Ku mulima ya pili niliona migomba. Nikasema twende.” Akaikunja karatasi iliyokuwa magotini. “Haikukuwa migomba.”

Watoto walitawanyika porini. Mungu ni mwema, wote walipatikana, wa mwisho siku iliyofuata, akiwa ndani ya shamba la mihogo, hajaguswa. Riziki alikuwa amewaambia wazazi kwamba hatasimama tena mbele ya watoto wao na macho yanayoweza kuanguka majini. Ama lazeri, ama anaacha ualimu. Na shule ile ilikuwa na yeye na mwalimu mmoja mzee ambaye miguu haikumruhusu kukimbia.

Nilitundika ubao, nikapima kamba, nikamfunika jicho moja. Alisoma vizuri sana, harakaharaka, mkono ukielekea huku na huku. Mstari wa tatu ukapita. Nikainua kijiti kuonyesha wa nne, na kabla sijakifikisha ubaoni, akawa ameshaujibu wote.

Nikateremsha kijiti. Papa Bauma akatazama dari.

“Riziki, huu ubao umejifunzia wapi?”

“Nyumbani,” alisema, bila kuficha. “Papa anaukumbuka wote.”

“Mama Faida,” Papa Bauma alisema, “hii mara njo mutihani ya kweli. Usikatae.”

Nilimwomba Riziki ainue uso, nikachukua tochi. Mwanga katika jicho la kawaida hutembea kama pazia moja linalovutwa. Katika macho yake uligawanyika vipande viwili, vikafunguka na kufunga kama makali ya mkasi. Masere aliwahi kunionyesha jicho la namna hiyo mara moja tu, na aliniambia nikiliona nisijisumbue kutafuta lenzi, nimtafute daktari. Nikamwuliza Riziki kama husugua macho. Alisema husugua kila siku, kwa moshi wa jikoni na vumbi la chaki, na kwamba ndiyo raha yake pekee.

Nilimwambia kwamba siwezi kusema macho yametulia, na ninafikiri hayafai lazeri, lakini mwenye kulithibitisha ni daktari mwenye mashine. Alinijibu kwamba Masere angemhurumia. Nilimwomba tumwone kwanza daktari wa macho wa Goma. Tulishuka Goma pamoja, yeye, baba yake na mimi, juu ya magunia ya maharagi katika lori la Papa Paluku. Papa Paluku aliposikia karatasi yake imefika wapi, aliikataa nauli yetu.

Daktari alikuwa mtu mpole, na hakuwa na haraka. Alimketisha Riziki mbele ya mashine inayochora konea kama ramani ya mlima, kisha akatuonyesha. Palipopaswa kuwa na mviringo wa taratibu, palikuwa na kilele kidogo upande wa chini, na hapo ngozi ya jicho ilikuwa nyembamba.

“Mwalimu,” alimwambia, “lazeri kazi yake ni kupunguza konea. Hapa kwako hakuna cha kupunguza. Ukifanyiwa, jicho litazidi kuchongoka, na baadaye hata lunete haitakusaidia.”

“Na kule Kampala bangejua?”

“Wangepima vizuri wangejua. Wangekuta umewajibu yote kwa kichwa, hapo sina hakika.”

Alimweleza njia zilizobaki. Iko dawa inayoimarisha konea kwa mwanga maalumu, lakini siku zile haikupatikana karibu. Iko lenzi ngumu ya kuvaa juu ya jicho. Daktari aliuliza maji ya Muheto yanatoka wapi, akalijibu swali lake mwenyewe kwa kutikisa kichwa. Ilibaki miwani, ambayo bado ingemsaidia kwa sehemu kubwa, na kuacha kusugua macho kabisa, kwa sababu kusugua kunalisha ugonjwa ule.

Njiani kurudi Riziki alikaa amefunika uso kwa kitenge. Karibu na Mushaki akasema, “Mungu alininyima macho. Sasa ameninyima na lazeri.”

Katika maisha yangu nimesikia watu wakijibu maneno kama hayo kwa mahubiri marefu. Mimi nilisema, “Leo ukasirike. Kesho tutajaribu fremu.”

Alikasirika mpaka Masisi. Kesho yake alikuja.

Kazi iliyofuata haikuwa ya utaalamu mkubwa, lakini naieleza kwa sababu ndiyo ninayotaka mwendelee nayo. Nilimwambia kwamba shida yake si kuvaa miwani, shida yake ni kuwa na moja. Papa Paluku alituletea fremu nene za plastiki, nyeusi, za namna iliyovaliwa na mapadri wa zamani, na hakutaka kusikia habari za malipo. Tukatengeneza miwani mbili za namba ileile. Ya kwanza tukaifunga nyuma ya kichwa kwa mpira uliokatwa kutoka tyubu ya baiskeli. Ya pili tukaiweka katika kimfuko cha kitenge kilichojazwa pamba, kikashonwa mdomo kwa mshono mlegevu ambao mtu anaweza kuukata kwa meno. Kimfuko akakivaa shingoni, ndani ya nguo, pamoja na rozari yake. Akina mama wa shirika la Muheto, wale wa sala za mtaa, ndio walioshona. Baadaye walishonea kila mtu mwenye macho mazito pale mlimani. Wanafunzi walimwambia mwalimu ana macho manne. “Sita,” aliwajibu. “Ingine iko mu mufuko.” Akarudi darasani. Ng’ombe alikuwa ameshauzwa, kwa hiyo Papa Bauma alinunua ndama.

Kuhusu kusugua macho, aliwaagiza wanafunzi wote wapige kelele wakimwona ameinua mkono kuelekea jichoni. Alisema ndilo agizo pekee walilolitii bila kukumbushwa. Nilimpima kila nilipoweza. Mwanga ulibaki na makali yake mawili, lakini ugonjwa haukuongezeka haraka kama nilivyohofia.

Vita vilipanda tena mlima, safari hiyo kwa nguvu. Mimi nilikuwa nimepelekwa Bweremana, ufukweni mwa ziwa, ambako watu waliokimbia walikuwa wakifika kwa makundi. Walinipa kona ya ghala la samaki. Nilitundika ubao kwenye ukuta wake wa nje, kwa msumari uliokuwa ukitundikiwa nyavu. Kila kundi lilipotokea barabarani nilitafuta watu wa Muheto. Niliendelea kupima, kwa sababu ndiyo kazi niliyokuwa nayo.

Walitokea adhuhuri. Mstari wa watoto, wakubwa wakiwashika wadogo, na mbele yao mwanamke mwenye miwani nyeusi ya kipadri. Kichwani hakuwa na mpira wa baiskeli. Shingoni, juu ya rozari, ulining’inia mfuko mtupu uliokatwa kwa meno.

“Ya kwanza?” nilimwuliza.

“Ku bariere, kule baaskari banafungaka njia kwa mbao,” alisema. “Muaskari mumoja aliivaa, akajikwaa ku mbao yake mwenyewe. Benzake bakacheka. Akakasirika, akaikamata.” Akageuka kuwahesabu watoto kwa macho, bila kunitazama. “Tulisubiri mpaka alitupitisha. Njo nikakata mufuko. Tangu pale niliona yote, Mama Faida. Migomba ilikuwa migomba.”

Alinywa maji. Kisha akaniambia wako watoto wawili watatu ambao njiani walikuwa wanashika nguo za wenzao hata palipokuwa tambarare, na akaniomba niwapime wote. Wakapanga foleni kando ya ghala. Mimi nilikuwa nafuta lenzi, nikizishika pembeni, niliposikia sauti niliyoijua kutoka mwisho wa foleni. Papa Bauma alikuwa amefika nyuma ya mstari, akitegemea fimbo, na alikuwa ameuona ubao.

“Mustari ya pili. Ya kwanza?”

“Kuume!” watoto wakajibu.

“Ya pili?”

“Juu!”

Riziki aliweka kikombe chini. Akaenda ukutani, akauondoa ubao msumarini, akaugeuza juu chini, akautundika.

“Papa, hapana,” alisema. “Hapa kila mutoto anasema kile anaona.”

“Na ule haoni?”

“Aseme: sioni. Mama Faida iko hapa kwa sababu ya ile.”

Papa Bauma alisogea pembeni, akavua kofia. Mtoto wa kwanza akaja akakaa. Nikafanya ishara ya msalaba, nikafungua sanduku.